Barca, Negreira na Refa: Tunabishana Lisilo, Tunaacha Lililo

Ukipita maskani yoyote ya Mji wa Kale baada ya Isha, usiku wa mechi za Ulaya, utakuta kahawa imepoa vikombeni kwa sababu ya refa. Juzi nimekuta marafiki wawili, watu waliosoma madrasa moja, hawatazamani. Mmoja ni wa Chelsea, mwenziwe ni wa Barcelona. Wa Chelsea ameshika simu, anairudisha video ya 2009 kwa mara ya tatu. "Tizama hapa, bwana! Na hapa je? Nyinyi mmenunua marefa tangu zamani, kesi ya Negreira imewavua nguo." Wa Barca naye akapaza sauti: "Wivu tu huo! Hukumu iko wapi?"

Nilimaliza kahawa yangu nikaenda zangu, lakini mabishano yale yalinifuata nyumbani. Wote wawili walikuwa na nusu ya haki, na wote wawili walichanganya mambo mawili ambayo hayafai kutiwa chungu kimoja.

Tuanze na hiyo video. Tarehe 6 Mei 2009, Stamford Bridge, mkondo wa pili wa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Essien alifunga mapema, Chelsea wakadai penalti baada ya penalti, na refa Tom Henning Øvrebø kutoka Norway akawanyima zote. Dakika za nyongeza Iniesta akasawazisha, Barca wakapita kwa bao la ugenini. Drogba alifoka mbele ya kamera na akafungiwa. Øvrebø mwenyewe baadaye alikiri kwamba usiku ule hakuchezesha vizuri.

Lakini video za simu hukatwa zinapopendeza. Refa huyo huyo alimpa Abidal wa Barcelona kadi nyekundu ambayo wengi waliiona si halali, na mchezaji yule akakosa fainali ya Roma. Tena Øvrebø alipangwa na UEFA. José María Enríquez Negreira alikuwa kiongozi katika kamati ya waamuzi ya Uhispania, inayosimamia mechi za ndani za nchi hiyo. Kumfunga Øvrebø kwa kamba ya Negreira ni kumkamata mpita njia kwa kosa la mwenye duka. Makosa ya refa, hata yawe mengi vipi, hayatoshi kuwa ushahidi wa rushwa.

Hapo wa Barca atapiga makofi. Asubiri kwanza.

Februari 2023 redio moja ya Uhispania ilifichua kwamba Barcelona ilikuwa ikilipa kampuni za Negreira. Waendesha mashtaka wanasema malipo hayo yalianza 2001 yakaisha 2018, na jumla yake yalipita euro milioni 7.3, yaani kama shilingi bilioni moja za Kenya. Katika miaka hiyo yote Negreira alikuwa makamu wa rais wa kamati ya waamuzi. Alipotoka kwenye kiti 2018, malipo nayo yakakoma. Klabu ilibadilisha marais, akiwemo Joan Laporta katika awamu yake ya kwanza, na hela zikaendelea kutoka.

Klabu haikukana kulipa. Inasema ilinunua ripoti za kiufundi kuhusu waamuzi, jambo ambalo vilabu vingi hufanya. Aprili 2023 Laporta aliwaonyesha waandishi maboksi, akataja ripoti 629 na CD 43. Negreira kwa upande wake aliwaambia watu wa kodi kwamba Barca walitaka kuhakikisha wanatendewa bila upendeleo.

Soma jibu hilo mara mbili. Mtu analipwa ili haki itendeke, na haki ni kitu ambacho kamati yake ilitakiwa kuitoa bure kwa kila timu. Ripoti zingeweza kununuliwa kwa yeyote anayejua mpira. Kwa nini zinunuliwe kwa mtu anayekaa katika kamati ya marefa?

Hilo ndilo swali ambalo maskani imelisahau. Wa Chelsea hakuliuliza kwa sababu alikuwa anatafuta penalti. Wa Barca hakuliuliza kwa sababu lamuuma.

Ni kweli hakuna mahakama iliyosema kwamba mechi hata moja ilinunuliwa, na mtuhumiwa si mkosaji mpaka ahukumiwe. Lakini wa Barca asijivunie sana kwamba klabu haikushushwa daraja. Kwa sheria ya michezo ya Uhispania, makosa kama hayo hufa baada ya miaka mitatu, na habari ilipofichuka 2023 mitatu ilikuwa imeshapita. Kuponea kwa kalenda hakumsafishi mtu. Italia mwaka 2006 kesi ilikuwa mbichi: simu za Luciano Moggi wa Juventus na wapangaji wa marefa zilinaswa, Juve wakapokonywa mataji mawili na kushushwa Serie B. Waliadhibiwa, wakaanza upya. Barca hawajaadhibiwa wala hawajasafishwa, na kila wanapopewa penalti, dunia inacheka.

Sisi Waislamu jambo hili halipaswi kutupa tabu kulielewa. Tunaijua hadithi ya mkusanya zaka aliyerudi Madina akagawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (SAW) aliuliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake, aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Kipimo hicho kinatosha. Negreira asingekuwa kwenye kamati ile, je, bilioni hiyo ingemfuata nyumbani?

Wala tusidhani ni dhambi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi wa Kenya, Aden Range Marwa, aliyekuwa amechaguliwa kwenda Kombe la Dunia Urusi, alirekodiwa kwa siri akipokea dola 600 zilizoitwa zawadi. Urusi hakwenda.

Sasa, anayelipia tope hili ni nani? Aprili 2025, siku moja kabla ya fainali ya Kombe la Mfalme kati ya Barca na Real Madrid, refa Ricardo de Burgos Bengoetxea alilia mbele ya waandishi. Alikuwa akieleza mtoto wake anavyokwenda shule na kuambiwa kwamba babake ni mwizi. Runinga ya Real Madrid ilikuwa imeandaa video ya makosa yake, kama inavyofanya kwa marefa wengine. Mchezea tope humrukia, lakini hili lilimrukia mtoto wa shule.

Mimi nimeliona jambo hili kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kamati ya dimba la mtaa, zile mechi za usiku baada ya Tarawehe. Mwenye timu moja alimtumia refa mia tano kwa simu, akasema ni ya nauli. Huenda kweli ilikuwa nauli, maana refa alitoka mbali. Katika fainali akaipa timu ile penalti, na nilikuwa nimesimama karibu: ilikuwa penalti halali kabisa. Lakini habari ya mia tano ilikuwa imeshavuja. Viti viliruka, kijana mmoja akashonwa nyuzi kichwani, na refa yule hajakanyaga tena mtaani kwetu. Mpaka leo sijui kama alikuwa mla rushwa au mtu aliyekosa nauli. Na hapo ndipo penye hasara: ukishapokea kutoka kwa mwenye timu, hata haki uliyotoa haionekani kuwa haki.

Kwa hivyo wanaoandaa madimba yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, waweke jambo moja kabla ya kununua kombe. Kila timu itoe mchango wake sawa, kamati imlipe refa mbele ya makapteni wote, na mwenye timu asimpe hata chupa ya maji. Ni gharama ndogo kuliko nyuzi za kichwani.

Nawe shabiki wa Barca, ipende timu yako, hakuna anayekukataza. Ila usiifanyie kazi ya wakili bure. Uliza bilioni ile ililipia nini, kwa sababu jina linalochafuka ni lile uliloandika mgongoni mwako. Na wewe wa Chelsea, weka simu mfukoni, umwagize mwenzio kahawa nyingine. Ile ya kwanza imeshapoa.