Nakala Isiyofika

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe.

Ofisi yetu ya Butembo ilitunza nakala za kompyuta ya masomo moja huko Beni. Kila jioni kompyuta ile ilituma mafaili yake yote kwa intaneti. Mimi nilijua tu kwamba "inatuma." Siku moja umeme ulirudi kwa nguvu, ukaichoma. Tulipofungua nakala, tukakuta nusu tu! Kila usiku rezo ilikatika, na kila jioni kazi ilianza tena toka mwanzo. Pointi za watoto wa mwaka wa sita zilipotea. Mama mumoja, muke wa muchimbaji wa zahabu, akaniuliza: "Pasta, mutoto wangu ataandika Mutihani wa Taifa namna gani?" Sikuwa na jibu. Tuliokolewa na mabuletini ya karatasi ambayo wazazi walitunza ndani ya masanduku.

Tufanye hesabu. Rezo ya kilobiti 256 kwa sekunde inapitisha kilobaiti 32 tu. Gigabaiti 10 zitachukua karibu saa 87, ni kusema zaidi ya siku tatu na nusu, bila kukatika hata mara moja. Nani alishaona hiyo kwetu? Lakini toka Beni mpaka Butembo ni karibu kilometa 54 tu. Njo maana nakala ya kwanza, ile kubwa, isipite kwa intaneti. Uiweke kwenye disiki, uifunge kwa neno la siri, umupe mutu mwaminifu aibebe siku njia iko salama.

Kisha intaneti ibebe yaliyobadilika tu. Iko programu iitwayo rsync, iliyotolewa mwaka 1996. Inalinganisha mafaili ya pande mbili, inatuma vipande vipya peke yake. Ukiiamuru itunze kipande kilichokwisha kufika, rezo ikirudi haianzi tena bure. Mega zako haziishe ovyo. Uiache ifanye kazi usiku, watu wakilala.

Lakini usitegemee intaneti peke yake. Toka tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi yetu kwa majuma zaidi ya mawili. Wakati kama ule, flashi yenye kufungiwa ndani ya sanduku ni mali.

Tena, usifute nakala ya mwezi uliopita haraka. Faili ikiharibika leo, hata uharibifu utatumwa leo usiku.

La mwisho ni lile nililoliacha mimi: kila mwezi chagua faili moja, uirudishe, uisome kwa macho yako. Nakala ambayo hujaifungua ni tumaini tu.

Vijana, ninyi muko wajuzi wa mambo haya. Juma hili mwulizeni mwandishi wa paroasi au wa masomo yenu: "Nakala ilifunguliwa lini?" Akinyamaza, musimucheke. Mukae naye, mumusaidie.