Aleni ya milimita 3 si ya kila gitaa

Mwandishi wa makala ya kunyoosha shingo ya gitaa la besi ameeleza vizuri, ila amepita mbio kwenye saizi ya aleni, yaani ufunguo wa pembe sita, na hapo ndipo magitaa ya kwaya huharibikia. Tundu la inchi 1/8 kwenye nati ya shingo ni milimita 3.175. Aleni ya milimita 3, ambayo fundi baiskeli yeyote anayo, itaingia humo na kucheza. Ukikaza kwa nguvu, pembe zinalika na nati imekwisha. La inchi 3/16 ni milimita 4.76: ya 5 haiingii, ya 4.5 inalegea. Magitaa mengi ya Marekani hutaka seti ya inchi, ya Asia mara nyingi milimita, lakini jaribu kwanza bila kukaza. Seti za chuma laini waachieni wanaofunga vitanda.

Huku Ainabkoi, Kenya, mvua za Aprili zikishika, mbao hunyonya unyevu na shingo huvutwa mbele na nyuzi. Legeza nyuzi kidogo, zungusha nati robo mzunguko tu kuelekea kulia, tyuni tena, halafu ngoja hadi kesho ndipo upime. Viskrubu vya daraja la nyuzi navyo vina aleni yake, ndogo zaidi.