LESO SI KITENGE: ISOMENI KWANZA

Haya ni maoni yangu kuhusu nguo ambazo mama zetu hujitanda mabegani. Vijana wengi huku kwetu Makueni, na hata Kitui, huziita zote leso. Kusema kweli hayo ni makosa, na mimi yameniaibisha.

Kitenge ni kizito kidogo, hakina maandishi, na mara nyingi fundi hukikata akashona rinda. Leso, ambayo Watanzania huiita kanga, ni pamba nyepesi. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Huuzwa mbili pamoja, na pea hiyo ndiyo doti. Mama akishaikata, moja hujifunga kiunoni na nyingine hujitanda, au humpa mwenzake.

Mwaka jana rafiki ya susu, yaani nyanya yangu, alifiwa na mume huko Kitui. Susu alinituma sokoni ninunue doti, ili leso moja ampelekee mwenzake. Mimi niliangalia rangi tu, nikalipa haraka nikacheze mpira. Susu hakusoma shule, kwa hivyo aliniamini. Kule matangani alimfunika mwenzake mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Nikaona akina mama wananong'onezana. Niliposogea nikasoma: "Hasidi hana sababu." Lo! Mjane amevikwa maneno ya kusuta watu, siku ya kumzika mumewe!

"Walikuwa wanasoma nini?" susu aliniuliza ndani ya matatu. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza mpaka tukafika Wote.

Wengine watasema ati ni kitambaa tu, baridi haijui kusoma. Sikubaliani nao. Ukikosea kitenge, umekosea rangi. Ukikosea leso, umemsema mtu. Tena aliyelaumiwa ni susu asiyejua kusoma, si mimi ninayejua.

Kwa hivyo wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, hizi methali tunazokariri kwa ajili ya mtihani zina kazi nyingine. Tuwasomee wazee wetu pale dukani, kabla pesa hazijatoka mfukoni. Wavulana pia, msiseme ni mambo ya wanawake.

Susu bado hunituma sokoni. Ila siku hizi, kabla sijatoka mlangoni, huniambia, "Soma kwanza."