Namba Tatu za Mfuko wa Mbolea

Msimu wa kupanda ukikaribia, maduka ya pembejeo ya Mlandege, mjini Iringa, hujaa wasomaji. Neno hilo halikukosewa. Mkulima akifika kaunta huugeuza mfuko wa mbolea akatafuta namba tatu. Zikiwa 18-46-0, ameshika DAP, ya kupandia. Zikiwa 46-0-0, hiyo ni urea, ya kukuzia. Namba ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, ya pili fosfati, ya tatu potashi. Mfuko wa kilo 50 wa DAP basi una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Hapo hakuna sentensi wala kitenzi, na habari imefika.

Toleo hili linahusu maandishi ya kutoa habari, hasa vile vitu vinavyoizunguka aya: vichwa vidogo, majedwali, michoro, maelezo ya picha, herufi nzito, faharasa. Shuleni vimezoeleka kama mapambo. Ufahamu kwa kawaida ni kifungu cha habari na maswali chini yake, nacho husomwa kuanzia juu hadi mwisho. Mwenye mfuko mkononi hasomi hivyo. Huruka, hurudi, hulinganisha, na asichokihitaji hukiacha.

Tena hujua kwamba namba na namba si ndugu. Ile 46 ya urea ni kipimo. Lakini 6303 katika mbegu ya mahindi UH6303 haipimi chochote. Ni jina tu, na zile herufi mbili za mbele zinasema kwamba ni chotara iliyotoka Uyole, Mbeya.

Kwenye rafu ya viuatilifu kazi huwa ngumu zaidi. Chini ya lebo kuna ukanda wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, bluu, na kijani kwa yenye hatari ndogo kuliko zote. (Kijani hicho si cha taa za barabarani; hakimwambii mtu apite.) Juu ya ukanda huo huchorwa picha ndogo za glavu, buti, mikono inayonawa. Ni msaada mkubwa kwa asiyejua lugha iliyoandikwa juu yake. Ila siku za kusubiri kabla ya kuchuma nyanya hazimo katika rangi. Zimo katika maandishi madogo madogo, mara nyingi ndani ya jedwali. Aliyesoma ukanda peke yake amejikinga yeye. Mlaji wa kachumbari bado.

Kwa hiyo hoja ya toleo hili haiwalengi walimu peke yao. Waandishi na wachapishaji nao wana deni. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, inamtaka msomaji ajue kwamba «amesomeshwa» hutafutwa penye «soma», na kwamba [i-/zi-] baada ya nomino ni habari ya ngeli. Yote hayo yanaelezwa katika kurasa za mwanzo, zile ambazo karibu kila mtu huzipita mbio. Vitabu vingi vya maarifa vya Kiswahili, kwa upande wao, havina faharasa kabisa. Vina yaliyomo mbele, pengine na sherehe ya maneno magumu nyuma, lakini anayetaka kujua kutu ya majani imetajwa ukurasa gani hana budi kupekua kitabu kizima. Sababu inajulikana katika kila chumba cha wahariri: faharasa haiwezi kukamilika mpaka kurasa zote zipate namba, na wakati huo fedha zimekwisha na mchapaji anapiga simu.

Toleo hili lina faharasa. Imechukua kurasa mbili za mwisho, na ili ipate nafasi picha tatu za soko zimeondolewa, moja ikiwa nzuri sana.