Mifumo ya Serikali Mtandaoni Imweleze Mwananchi Ombi Limefikia Wapi

Huduma za Serikali mtandaoni humpunguzia mkulima wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru, safari ya kushuka Morogoro mjini. Hata hivyo, ombi linapochukua dakika kadhaa kuchakatwa huku ukurasa ukibaki kimya, mwombaji hudhani limekwama. Hubonyeza tena, na ombi moja huweza kuwa mawili.

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, husimamia viwango vya mifumo ya umma. Katika viwango hivyo, suala hili linastahili uzito: seva ipokee ombi, itoe namba ya kumbukumbu papo hapo, iendelee na kazi hata mtandao wa mwombaji ukikatika, kisha ioneshe hatua halisi iliyofikiwa. Asilimia zisizo za kweli hupoteza imani ya wananchi kuliko ukimya.