Yoga Kwenye Kilima cha Waselti: Picha Kali, Ila Mti Unaumia

Wadau wa mitandao, zile picha mmeshaziona. Mwanadada mmoja mwenye wafuasi kibao (jina kapuni) katandika mkeka wa yoga kwenye kilima cha Tara kule Ayalandi, mikono juu, jua linachomoza, chini kaandika eti amerudi kwenye asili kwa njia ya Waselti. Picha ya mwisho anafunga utepe wa nailoni wa pinki kwenye mti. Laiki zikamiminika, na mastaa wengine wawili wakafuata fasta.

Yoga yenyewe haina kosa. Asili yake India, sio kwa Waselti, lakini mtu akiamua kunyoosha mgongo kwenye nyasi badala ya kushinda na simu, afanye tu.

Ishu ni ule utepe.

Kwenye visima vitakatifu vya Ayalandi kuna miti ambayo watu hufunga vitambaa toka enzi hizo. Mgonjwa anachana kipande cha nguo, anakichovya kwenye maji ya kisima, anakifunga kwenye tawi. Kitambaa kikioza, ugonjwa nao unaondoka. Yaani kuoza ndiyo dawa yenyewe! Sasa nailoni inaoza lini? Inabaki pale inakaba tawi linavyozidi kunenepa. Ukifuata imani hiyo hiyo, matatizo ya mwanadada bado yananing'inia Tara, na mti ndio umebebeshwa.

Halafu wanapenda kuzitaja Bealtaine na Samhain kama vile ni pati za ufukweni. Wale watu walikuwa wafugaji. Bealtaine, tarehe 1 Mei, ng'ombe walipitishwa katikati ya mioto miwili ili wasipatwe na magonjwa, ndipo wakapelekwa malisho ya kiangazi. Samhain, mwanzoni mwa Novemba, mifugo ilikuwa imesharudishwa, baridi inaingia, na wengine wanachinjwa. Asili kwao ilikuwa maziwa, nyama na hofu ya kufa njaa. Hakukuwa na muda wa kupozi.

Na heshima yao kwa mti mara nyingi ilikuwa ni kutougusa kabisa. Kuna mti mdogo wa miiba uko Latoon, kaunti ya Clare, unaosemekana ni wa viumbe wasioonekana, kama majini hivi. Mwaka 1999 barabara kubwa ilikuwa inapita hapo hapo. Msimuliaji wa hadithi anayeitwa Eddie Lenihan akapiga kelele kwamba ukikatwa, madereva watakiona cha moto. Cheka utakavyo, ila ramani ilirekebishwa na mti ukabaki. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana akaukata matawi kwa msumeno, ukachipua tena.

Hapo ndipo mastaa wanapochemka. Wanachukua muziki, moshi wa ubani na majina matamu, halafu ile sehemu inayomwambia mtu "usiguse" wanairuka, kwa sababu haina picha nzuri.

Wanaomtetea mwanadada wanasema utepe mmoja hauui mti. Sawa, hauui. Ila wafuasi wake wako wangapi, na wangapi wameshanunua utepe wa rangi ile ile wakisubiri tiketi?