Kiti cha Uani

Kiti cha mbao kikiletwa nyumbani vipande vipande, mara nyingi hukaa nyuma ya mlango kikimngoja baba apate nafasi. Kazi hii haitaki nguvu nyingi. Inataka uvumilivu, nao tunao.

Kwanza tupange vipande vyote mkekani, tuhesabu skrubu na bolti. Tusugue kingo kwa msasa, maana kibanzi humchoma mtoto pajani. Kisha tuunge miguu, halafu kikalio, na mwisho egemeo.

Wengi hukosea hapa: hukaza skrubu ya kwanza kabisa, na ya mwisho ikakataa kuingia tunduni. Tukaze zote nusu tu. Kiti kikisimama, tukiweke kwenye sakafu iliyo sawa mpaka miguu yote minne iguse chini, ndipo tukaze kwa zamu, kona kwa kona. Pasipo na tundu, tutoboe kwanza kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, mbao isipasuke. Nta ya mshumaa huisaidia skrubu kuingia.

Tupake vanishi, hasa chini ya miguu, maana maji na mchwa huanzia hapo. Baada ya wiki chache tukaze tena, kwani mbao hunywea.

Kabla ya kumkaribisha bibi, tukikalie sisi kwanza. Kiti kilicholegea humwangusha mzee, na nyonga ya mzee haiungi upesi.

Tuwaite na watoto watushikie vipande, wavulana kwa wasichana. Wakubwa wa kesho hujifunzia hapo.